Matope Meusi ya Gazi

Ukifika Gazi maji yamekupwa, harufu hukupokea kabla hujaiona mikoko. Inanuka yai viza. Wageni huziba pua. Sisi tuliozaliwa pale tulilelewa nayo, na sikumbuki mtu yeyote aliyewahi kuuliza inatoka wapi. Matope hunuka, basi. Sasa mimi ni mwalimu wa kemia na biolojia katika shule moja ya sekondari upande wa Msambweni, na katika yote niliyosoma na kusomesha hakuna lililonikamata akili zaidi ya harufu hiyo. Ndiyo iliyonipeleka kwenye swali ambalo wanasayansi wa anga wanalifukuzia kwa roketi na darubini: uhai ulianzaje, na je, ulianza hapa duniani peke yake? Nimeishi na swali hilo muda wa kutosha kuamini jambo moja. Halijibiki na mtu wa fani moja, na ushahidi wake mwingi umo katika vitu ambavyo watu wa kaunti yetu ya Kwale, pwani ya Kenya, huvikanyaga, huvichota na huvitia chunguni kila siku.

Nilipomaliza kidato cha nne, ada ya chuo haikuwapo nyumbani, na kazi iliyokuwa karibu ilikuwa kuwasaidia watafiti wa mikoko. Gazi imezoea watafiti. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ina kituo pale kijijini, na wasomi wa vyuo vya humu nchini, vya Ubelgiji na vya Uskoti wamepita vichochoro vyetu hata watoto hawawashangai tena. Kazi yangu ilikuwa kubeba. Nilibeba kamba ya kupimia, nikabeba sanduku la barafu, na zaidi ya yote nilibeba chombo cha kuchimbulia matope: bomba la chuma lililopasuliwa ubavuni, ambalo husukumwa chini kwa uzito wa mwili, likazungushwa, kisha likavutwa juu likiwa limeshika nguzo nzima ya matope bila kuivuruga. Ukiilaza nguzo hiyo juani unaziona rangi zake. Juu kuna utando wa kahawia, chini yake weusi, na chini zaidi kijivu chenye nyuzi za mizizi iliyokufa zamani.

Mama yangu alikuwa akiokota tondo na chaza humo mikokoni tangu usichana wake. Siku moja alitukuta tumekwama. Dada mmoja mtaalamu wa miti alitaka kupitisha kamba moja kwa moja kutoka kwenye mililana, ile iliyo karibu na bahari, mpaka kwenye michu iliyo upande wa nchi kavu.

“Hapo hampiti,” mama alisema. “Mtadidimia mpaka kiunoni. Piteni penye mashimo ya kaa.”

Bwana mmoja wa kemia, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameinamia chupa zake, akainua uso. “Kwa nini penye kaa, mama?”

“Penye kaa matope yana nguvu. Na hayanuki sana.”

Bwana yule aliziweka chini chupa zake. Alimwomba mama atuonyeshe mahali pawili, penye mashimo ya kaa na pasipo na mashimo, na tukachimbua nguzo moja kila mahali. Ya kwanza ilikuwa na ukahawia uliozama ndani kabisa, ukifuata kuta za mashimo. Ya pili ilikuwa na utando mwembamba tu, na mara moja chini yake weusi mtupu. Kaa anapochimba huingiza hewa, na penye hewa matope hubadilika rangi, harufu na hata nguvu ya kumbeba mtu. Mama alilijua hilo kwa miguu yake. Dada wa miti alilijua kwa mizizi ya mchu, ile inayochomoza juu kutafuta hewa. Bwana wa kemia alikuwa na hesabu yake lakini hakujua aipime wapi. Mchana ule wote watatu walisimama matopeni wakiulizana, nami nimeshika bomba, na nikaona namna elimu inavyozaliwa watu wanapokubali kuulizana.

Nilijifunza pia kuwa yaliyopimwa matopeni yanaweza kuwarudia wenyewe. Vipimo vya kaboni katika miti na udongo wa Gazi ndivyo vilivyouzaa mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu mwaka 2013 unauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na fedha zake zimeleta maji kijijini na vitabu shuleni. Mradi huo usingesimama kwa watu wa miti peke yao. Walihitajika watu wa udongo, wa uchumi, wavuvi na wazee wa kijiji. Naitaja Gazi kwa fahari kwa sababu tafiti nyingi huishia kwenye majarida ambayo aliyeongoza njia matopeni hatayaona maishani mwake, na nalihesabu hilo kuwa deni. Anayechukua matope arudi na jibu, alieleze barazani, kwa lugha ya barazani.

Jioni ya siku ile bwana wa kemia alinieleza weusi ule unatoka wapi. Oksijeni huingia milimita chache tu katika matope yaliyoshiba maji, kwa kuwa vijidudu vya juu huitumia yote kabla haijazama. Chini ya hapo wanaishi bakteria wasioijua oksijeni kabisa. Wao hutumia salfeti, chumvi iliyojaa tele katika maji ya bahari, na wanapomaliza kuitumia huitoa ikiwa gesi ya sulfidi ya hidrojeni. Hiyo ndiyo harufu. Gesi hiyo ikikutana na chuma kilichomo udongoni hufanya madini meusi. Kisha akaniambia neno lililoniondolea usingizi: kwa bakteria wengi wa humo oksijeni ni sumu, na kwa karibu nusu ya umri wake dunia nzima ilikuwa hivyo, haina oksijeni hewani.

Dunia ina umri wa takriban miaka bilioni 4.5. Visukuku vya vijidudu vinavyokubaliwa na wengi, vile vya Australia Magharibi, vina umri wa karibu miaka bilioni 3.5. Oksijeni ilianza kujaa hewani yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita, ikitolewa na bakteria wa kijani waliojifunza kulipasua maji kwa mwanga wa jua. Miti, samaki, kaa na wanadamu ni wageni wa jana. Mikoko yenyewe ni migeni; sidai kwamba uhai ulianzia mikokoni. Ninachosema ni kwamba chini ya utando ule wa kahawia kungali na viumbe wanaopumua kwa njia za kale, na anayetaka kuijua dunia changa anaweza kuanza kwa bomba la chuma na nguvu za mabega.

Nilipata chuo baadaye, nikarudi nyumbani kufundisha. Mwaka 2021, tarehe 18 Februari, gari la NASA liitwalo Perseverance lilitua Mirihi, katika bonde la Jezero ambalo mabilioni ya miaka iliyopita lilikuwa ziwa lililopokea mto. Mwezi Julai 2024 gari hilo lilikuta jiwe lililotokana na matope ya kale, lina madoa ambayo wanasayansi waliyaita ya chui. Septemba 2025 matokeo ya uchunguzi yakachapishwa: madoa hayo yana alama za madini mawili ya chuma, vivianaiti na gregaiti. La kwanza ni chuma na fosfeti, la pili ni chuma na salfa. Huku duniani madini hayo hutokea mara nyingi matopeni, vijidudu wanapokula mabaki ya viumbe na kutumia chuma na salfeti badala ya oksijeni. Nilisoma habari hiyo ofisini kwa walimu, nikasimama. Walikuwa wakieleza kazi ile ile inayofanyika chini ya nyayo za wakusanyaji wa tondo.

Watafiti wenyewe hawakusema wamepata uhai. Walisema zipo njia za kikemia zisizo na uhai zinazoweza kufanya madini hayo, na kwamba hazijafutwa zote. Uangalifu huo naupenda kuliko tangazo lolote. Lakini tazama ni nani walihitajika ili sentensi hiyo moja iandikwe: wahandisi wa kuliteremsha gari, wajiolojia wa kusoma tabaka za mawe, wanakemia wa kusoma miali ya mwanga, na watu waliotumia maisha yao katika matope ya duniani, wanaojua vijidudu huacha alama gani na matope yasiyo na vijidudu huacha alama gani. Hao wa mwisho watapata wapi shule bora kuliko pwani yenye mikoko?

Kutoka Gazi ukielekea bara unafika Maumba na Nguluku, penye vilima vya mchanga mwekundu. Huko kampuni ya Base Titanium ilichimba madini kuanzia mwaka 2013 mpaka Desemba 2024, na meli ya kwanza ikapakia Likoni mwezi Februari 2014. Binamu yangu alifanya kazi katika mtambo wa kutenganisha madini, na alikuwa akija nyumbani siku za mapumziko akieleza kwa mikono yote miwili. Mchanga huchanganywa na maji, ukateremshwa kwenye mifereji iliyojizungusha, ule mwepesi ukatupwa nje na ule mzito ukabaki ndani. Ule mzito nao hukaushwa, ukapitishwa kwenye sumaku na kwenye umeme. Ilmenaiti huvutwa na sumaku. Rutaili hupitisha umeme. Zirikoni hukataa vyote viwili, na kwa ukaidi huo ndivyo inavyojulikana. Siku moja aliniletea punje chache kwenye karatasi. Nilizitazama kwa hadubini ya shule: vijiti vidogo vilivyong'aa, ncha zimesagika kwa safari ndefu ya mito ya kale.

Zirikoni ya Kwale ilikwenda ng'ambo kutengeneza vigae na masinki. Sina ubaya na vigae. Lakini nataka watoto wa Kwale wajue kwamba punje ya aina hiyo hiyo ndiyo saa kongwe kuliko zote tulizo nazo. Zirikoni inapoganda kutoka kwenye mwamba ulioyeyuka hupokea urani na kuikataa risasi. Urani nayo hugeuka kuwa risasi polepole, kwa mwendo usiobadilika. Nusu ya urani ya aina ya 238 huchukua karibu miaka bilioni 4.5 kugeuka. Basi risasi yoyote unayoikuta ndani ya punje imezaliwa humo humo, nawe ukipima hizo mbili unapata umri. Milima inaweza kumomonyoka na mwamba mama ukapotea wote, punje ikabaki na hesabu yake.

Mwaka 2001 makundi mawili ya wanasayansi yalitangaza kwamba punje za zirikoni kutoka Jack Hills, Australia Magharibi, zina umri wa kufikia miaka bilioni 4.4. Walipopima oksijeni iliyofungwa ndani yake walikuta uwiano wa atomi nzito na nyepesi unaoashiria kwamba mwamba wa asili ulikuwa umekutana na maji. Kwa hiyo dunia iliyokuwa changa mno, ambayo vitabu vya zamani viliichora ikiwa tanuri tupu, yaelekea ilikuwa imekwisha kupoa na kushika maji. Mwaka 2015 wengine wakakuta ndani ya punje ya miaka bilioni 4.1 chembe za kaboni ambazo uwiano wake unafanana na wa kaboni iliyopita katika mwili wa kiumbe. Jambo hilo bado lina ubishi. Mwaka 2023 punje za zirikoni katika vumbi ambalo wanaanga wa Apollo 17 walilichota mwezini mwaka 1972 zilipimwa, zikaonyesha umri wa miaka bilioni 4.46. Sidai kuwa zirikoni zetu ni kongwe kiasi hicho. Nasema tu kwamba kwa miaka kumi na zaidi tulipakia melini mchanga wenye saa hizo, na mtoto wa Msambweni alimaliza shule bila kuambiwa saa hiyo inasomwaje. Kampuni imeondoka, mchanga mwingine umebaki. Hadubini ya shule inatosha kuanzia.

Kusini zaidi upo Mrima, mlima wenye msitu mtakatifu wa kaya. Mwamba wake ni kabonataiti, mwamba adimu unaopanda kutoka kina kirefu cha dunia ukiwa umejaa kaboneti. Watu wengi husikia Mrima kwa sababu ya niobi na madini mengine adimu, au kwa mnururisho wa asili unaotokana na thoriamu iliyomo ardhini. Mimi huutaja darasani kwa sababu ya ndugu yake aliye hai. Oldoinyo Lengai, kule kaskazini mwa Tanzania, ndiyo volkano pekee duniani inayotoa lava ya kabonataiti siku hizi. Chini yake kuna ziwa Natron, na kaskazini kidogo, upande wa Kenya, ziwa Magadi. Na magadi kila nyumba ya pwani inayajua. Nyanya yangu aliyanunua sokoni Ukunda. Alitia chembe katika kunde ngumu, na chembe nyingine katika tumbaku yake ya kutafuna.

Hapo ndipo kisa kinapofika mbali. Kwa miaka mingi wanakemia wanaotafuta chimbuko la uhai walisumbuliwa na fosfeti. Bila fosfeti hakuna DNA, hakuna utando wa seli, hakuna namna ya seli kubeba nguvu. Lakini katika maji ya kawaida fosfeti hushikwa na kalisi, ikawa jiwe, isifae kitu. Mwaka 2020 Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha njia. Katika maziwa yenye kaboneti nyingi, kaboneti ndiyo inayoishika kalisi kwanza, nayo fosfeti ikabaki huru majini, ikirundikana kadiri jua linavyokausha ziwa. Inaweza kufikia mara 50,000 ya ile iliyomo katika maji ya bahari. Miongoni mwa maziwa waliyoyategemea ni Magadi letu. Jibu moja zuri kuhusu mwanzo wa uhai limepatikana kwa kuyachunguza maji yale yale yanayotupa chembe ya kulainishia kunde.

Na magadi hayakuishia duniani. Tarehe 24 Septemba 2023 kapsuli ya NASA ilitua katika jangwa la Utah, Marekani, imebeba gramu 121.6 za vumbi na vijiwe kutoka Bennu, sayari ndogo inayozunguka jua karibu na njia yetu. Januari 2025 matokeo makubwa yalitolewa. Katika vumbi hilo mlikuwa na asidi amino 14 kati ya 20 zinazotumiwa na viumbe kujenga protini, mlikuwa na besi zote tano zinazoandika urithi wa seli, mlikuwa na amonia. Na mlikuwa na chumvi zilizoachwa na maji yaliyokauka ndani ya sayari mama ya Bennu, yapata miaka bilioni 4.5 iliyopita. Moja ya chumvi hizo ni trona, ambayo ndiyo magadi. Haikuwa imewahi kuonekana katika sampuli yoyote ya kutoka angani. Vimondo vinavyoanguka duniani hulowa unyevu wetu na chumvi za namna hiyo hupotea, ndiyo maana iligharimu safari ya miaka saba kuzileta zikiwa zimefungwa.

Niliposoma hayo niliwaletea wanafunzi wangu magadi ya sokoni, kila mmoja akashika kipande. Niliwaambia: kitu hiki hiki kilikuwapo kabla dunia haijatulia. Maji yenye magadi yalilowesha mawe gizani, na katika maji hayo vikatengenezwa vijenzi vya uhai bila mtu wala mmea. Mvulana mmoja wa nyuma aliuliza swali ambalo nilikuwa nalingoja kwa miaka.

“Mwalimu, tukisema uhai umetokana na matope na chumvi, si tunakufuru?”

Sikulijibu swali hilo kwa mamlaka yangu. Nilimwomba ruhusa nilipeleke kwa maalim wa madrasa niliyosoma utotoni, mzee ambaye bado yuhai na bado ni mkali. Alinisikiliza mpaka mwisho. “Umesoma kwamba mwanadamu aliumbwa kwa udongo tangu una miaka sita,” aliniambia. “Leo waogopa kuutazama udongo?” Akanikumbusha kwamba Qur'ani yenyewe, katika sura ya Al-Ankabut, inawataka watu watembee katika ardhi waangalie uumbaji ulivyoanza. Nani ameumba, alisema, hilo ni la imani yako. Vipi ulianza, hilo umeagizwa ukaangalie. Nililirudisha jibu hilo darasani kama lilivyo. Tangu siku hiyo namhesabu maalim yule miongoni mwa wenye haki ya kuketi tunapolijadili swali hili, pamoja na mwanakemia na mchimbua matope, kwa maana watu wa hapa hawataubeba utafiti ambao haujapita mlangoni kwake.

Pwani yetu imekwisha kuhudumia sayansi ya anga kabla wengi wetu hatujazaliwa. Tarehe 12 Desemba 1970, katika jukwaa la San Marco baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, roketi iliinua setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miali ya eksrei angani. Iliitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliyokuwa siku hiyo. Ilihesabu vyanzo 339 vya miali hiyo: mabaki ya nyota zilizolipuka, nyota zilizobanwa, na jirani za mashimo meusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Chuma kinachoyafanya matope ya Gazi yawe meusi kilipikwa ndani ya nyota, kikatawanywa na milipuko ya aina hiyo. Tangu 2017 tuna Shirika la Anga la Kenya, na tarehe 15 Aprili 2023 Taifa-1 ilirushwa kutoka California kuipiga picha nchi yetu. Ni hatua ninazozifurahia. Ila nina hofu kwamba tukisema sayansi ya anga tunawaza roketi peke yake, na kijana asiye na ndoto ya kuunda roketi anajiona hahusiki. Bennu na Jezero zimenishawishi kwamba anayejua chumvi, anayejua matope, anayejua mchanga, anahusika sawasawa.

Shida yetu iko kwenye ratiba. Kemia ina kengele yake, biolojia yake, jiografia yake, na mwanafunzi huhama kutoka moja hadi nyingine akiacha mlangoni alichojifunza. Tangu Januari 2026 mwanafunzi wa Gredi ya 10 huchagua njia moja kati ya tatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Naelewa sababu zake. Mtu hawezi kusoma kila kitu. Lakini kijana wa miaka kumi na mitano anayeambiwa kwamba historia ya ardhi si yake kwa kuwa amechagua kemia, amefungiwa nje ya swali hili kabla hajalisikia.

Ninachofanya mimi ni kidogo, na kinatumia vitu vya jikoni. Mwanasayansi Sergei Winogradsky, katika miaka ya 1880, alibuni njia ya kuwakuza bakteria wa matopeni ndani ya chombo cha kioo. Sisi hutumia chupa za maji za plastiki. Unatia matope ya Gazi yaliyochanganywa na vipande vya gazeti, kiini cha yai na unga wa chaki, unajazia maji ya bahari, unafunika, unaweka dirishani. Wiki kadhaa hupita bila jambo. Kisha chini huwa weusi, katikati hutokea zambarau, juu kijani, kila rangi ikiwa ni kabila la vijidudu lililochagua mahali pake kati ya mwanga na salfa. Kijani cha juu ni jamaa ya wale waliotupa oksijeni. Zambarau hutumia mwanga bila kutoa oksijeni hata kidogo. Katika chupa moja mwanafunzi anaona namna nyingi za kuishi, na nyingine kati yake zilikuwapo kabla hewa haijavutika.

Muhula huu tumeingia ubishi. Chupa tuliyoifungia kabatini haina zambarau wala kijani, na hilo kila mtu alilitarajia. Lakini chupa moja ya dirishani, ambayo tuliitia maji ya kisima badala ya maji ya bahari, weusi wake ni hafifu. Wanaopenda kemia wanasema ni upungufu wa salfeti, mjadala umekwisha. Wanaopenda biolojia wanasema chumvi ilipopungua bakteria wengine wamewashinda wale wa salfa. Msichana mmoja ambaye somo lake ni jiografia, na aliyekuja chumba cha maabara kwa kufuatana na rafiki yake tu, aliuliza matope ya chupa hiyo yalitoka wapi. Tukapekua daftari. Yalikuwa yametoka upande wa juu, penye michu, pale kijito cha mvua kinapoingia, ilhali ya chupa nyingine yalitoka chini karibu na bahari. Basi hatujui tofauti imeletwa na maji au imeletwa na matope, na kila mtu ilimbidi anyamaze. Bamvua lijalo tunakwenda kuchimbua upya, matope yote kutoka shimo moja, na nimemwambia msichana huyo yeye ndiye atakayechagua mahali.